Uzi: Maji yenye shinikizo kubwa yanavyokata, yanavyobomoa na yanavyosafisha

#1. Mleta mada

Wakuu, salaam.

Nimekuwa kwenye kazi za pampu za shinikizo kubwa kwa muda mrefu, nikianza kama kijana wa kuvuta mipira kabla ya kukabidhiwa bunduki ya maji, na katika muda wote huo swali nililoulizwa kuliko mengine ni hili: "Mashine yako ina bar ngapi?" (bar ni kipimo cha shinikizo). Wateja huuliza hivyo, wauzaji hujibu hivyo, na hata sisi mafundi hujisifu hivyo. Nafungua uzi huu kusema kwamba swali hilo linapaswa kuwa la tatu. La kwanza ni kitu gani kinatakiwa kitoke, na la pili ni kitu gani kinatakiwa kibaki salama. Baada ya hapo ndipo habari za bar zinapokuwa na maana, kwa sababu maji hufanya kazi yake vizuri pale yanapopata udhaifu katika kitu kimoja ambao jirani yake hana.

Nianze na hesabu kidogo. Shinikizo ndani ya pampu hugeuka kuwa mwendo pale maji yanapotoka kwenye nozeli, yaani kidomo chenye tundu dogo, na mwendo huo hukua kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, yaani ukitaka mwendo mara mbili ni lazima shinikizo liwe mara nne. Kwa bar 100 maji hutoka kwa takriban mita 140 kwa sekunde. Kwa bar 1,000 ni karibu mita 450, ambayo tayari ni zaidi ya mwendo wa sauti hewani. Na kwa bar 4,000, ambako ndiko mashine nyingi za kukatia hufanya kazi, mwendo unakaribia mita 900 kwa sekunde. Lakini nguvu ya mashine haitokani na shinikizo peke yake. Zidisha bar kwa lita zinazotoka kwa dakika, kisha gawa kwa 600, utapata kilowati zinazobebwa na maji. Mashine ya kuoshea yenye bar 150 na lita 15 kwa dakika inatoa kilowati 3.75, ilhali ya kubomolea zege yenye bar 1,000 na lita 200 inatoa zaidi ya kilowati 330. Shinikizo ndilo linalovunja mshiko, na wingi wa maji ndio unaobeba kilichovunjika na kukiondoa njiani. Ukikosa la kwanza uchafu haung'oki, na ukikosa la pili uchafu unang'oka na kubaki palepale ukizunguka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ubomoaji wa zege. Daraja au ghorofa la kuegesha magari likishaingiwa na chumvi kwa miaka mingi, nondo hupata kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege la juu huanza kupasuka na kubanduka. Mkarabati anataka kuondoa zege lililooza, aache zege zima, na asiziguse nondo. Nyundo ya upepo haijui tofauti hiyo, kwani inapiga zege zima kama inavyopiga bovu, inatikisa nondo hadi mshiko wake na zege la mbali unalegea, na inaacha nyufa ndogondogo kwenye uso uliobaki, ambazo hazionekani kwa macho lakini zege jipya likimwagwa juu yake halishiki sawasawa.

Maji hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Zege lina nguvu nyingi likibanwa, lakini likivutwa ni dhaifu, na nguvu yake ya kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Zege la megapascal 30, ambazo ni bar 300, huweza kuachana likivutwa kwa bar 30 tu au zinazokaribia hapo. Mchupo wa maji wa bar 1,000 unapoingia kwenye vitundu na nyufa za zege, shinikizo hujijenga ndani yake na kulisukuma kutokea ndani kwenda nje, na hapo zege linavutwa badala ya kubanwa. Lenye vitundu vingi na nyufa nyingi hufumuka kwanza, lililo zima hukaa. Mwendeshaji akipanga shinikizo, mwendo wa roboti na idadi ya mapito, maji yenyewe huchimba kwa kina zaidi mahali palipooza na kwa kina kidogo mahali pazima, bila mtu kuweka alama ya chaki. Nondo hubaki, tena zikiwa zimesuguliwa kutu, na uso wa zege lililobaki huwa na mikwaruzo mizuri ya kushikilia zege jipya. Kwa kazi hii mimi siwezi kurudi kwenye nyundo, labda kama eneo ni dogo kiasi kwamba kuleta lori la pampu ni dhihaka.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye rangi ya meli. Meli ikiwa chelezoni, kwa kati ya bar 2,000 na 2,800 na maji machache, rangi yote huvuliwa hadi chuma cheupe kionekane, kwa kuwa mshiko wa rangi na chuma ni dhaifu sana ukilinganishwa na chuma chenyewe. Faida moja ambayo waliozoea kusafisha chuma kwa kurusha mchanga huidharau ni kwamba maji huondoa pia chumvi iliyojificha kwenye mashimo ya kutu, ambayo mchanga mkavu huweza hata kuisukuma ndani zaidi, na chumvi hiyo ndiyo inayofanya rangi mpya itoke malengelenge. Faida nyingine ni mapafu ya wafanyakazi, kwani vumbi la mchanga wenye silika husababisha silikosi, ugonjwa usio na tiba. Upungufu wake ni kwamba maji hayachongi chuma. Yanarudisha tu ule ukwaruzo uliokuwapo tangu meli ilipotengenezwa. Chuma laini kisichowahi kukwaruzwa kitahitaji mchanga au chembe nyingine ngumu. Vilevile, chuma kikishavuliwa rangi kikiwa kimelowa, hupata kutu nyepesi ya rangi ya chungwa ndani ya muda mfupi, na ni lazima kukubaliana mapema na mwenye rangi ni kiasi gani cha kutu hiyo kinavumilika.

Orodha ni ndefu kuliko hapa. Mabomba ya majitaka huzibuliwa kwa nozeli yenye matundu yanayotazama nyuma, ambayo huuvuta mpira mzima mbele huku yakisukuma tope kurudi kwenye shimo la ukaguzi. Mirija ya boila na ya vibadilisha joto hupitishwa fimbo nyembamba yenye nozeli kwenye ncha. Viwanja vya ndege huondoa mpira wa matairi ulioganda mahali ndege zinapogusa ardhi, ili breki zishike tena wakati wa mvua. Wachimbaji wa mitaro hulainisha udongo kwa maji na kuufyonza kwa bomba kubwa ili wazifikie nyaya za umeme bila kuzikata kwa sururu. Viwanda vya nguo hupiga nyuzi zilizolegea kwa maelfu ya michupo midogo hadi zisokotane zenyewe kuwa kitambaa bila kufumwa wala kutiwa gundi. Vitambaa vingi vya majimaji vya kufutia watoto vimetengenezwa hivyo.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

#2. Fundi wa mashine za kuoshea

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi niko upande mdogo, mashine za bar 100 hadi 200, na nathibitisha kuwa ugonjwa wa bar umetushika. Mteja anakuja na mashine ya bar 150 akilalamika kwamba haina nguvu, anataka kununua ya bar 200, kumbe tatizo ni nozeli iliyolika.

Naomba niweke hesabu hapa kwa faida ya wengine. Pampu za pistoni hutoa kiasi kilekile cha maji kila mzunguko, na nozeli ndiyo inayoyabana hadi shinikizo lipande. Tundu la nozeli likitanuka kwa asilimia 10 tu kwa kipenyo, eneo lake linaongezeka kwa asilimia 21, na shinikizo linashuka hadi takriban theluthi mbili ya lilivyokuwa. Mashine ya bar 150 inakuwa ya bar 100 kwa sababu ya kitundu ambacho jicho haliwezi kugundua kimekua. Nozeli ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine hiyo, na ndicho cha mwisho kubadilishwa.

Jambo la pili linaloua pampu ni njaa ya maji. Mpira wa kuingiza ukiwa mwembamba, au chujio likiwa na uchafu, pampu huvuta kuliko inavyoletewa, viputo hujitengeneza upande wa kuvuta na kupasuka ndani ya pampu, na kila kiputo kikipasuka hung'ata chuma. Anayesikia pampu yake inalia kama ina changarawe ndani, basi ajue changarawe hizo ni viputo. La tatu ni kuachia kifyatulio huku mota ikiendelea kuzunguka kwa dakika nyingi: maji yaleyale yanazungushwa ndani ya pampu, yanapata moto, na sili, yaani mipira midogo inayozuia maji yasivuje, zinaungua. Wengine huwasha mashine, wakaenda kupokea simu.

Swali langu: kwa mashine ndogo kama hizi, ile habari yako ya udhaifu inatumikaje?

#3. Mleta mada

Fundi, umeniondolea kazi ya kuandika, na hesabu yako ya nozeli nimeipenda.

Kwa mashine ndogo silaha kubwa ni umbali na pembe. Mchupo ukishatoka huanza kuvuta hewa, unachanika, na mwishowe unakuwa matone. Nozeli inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 15 ikiwa sentimita 10 kutoka ukutani na nozeli hiyohiyo ikiwa sentimita 60 ni vifaa viwili tofauti kabisa. Tope kwenye chuma kilichopakwa rangi lina mshiko mdogo kuliko rangi, hivyo upo umbali ambao tope litatoka na rangi itabaki, na kazi ya mwoshaji ni kuutafuta umbali huo akitokea mbali kuja karibu, wala si kinyume chake. Mbao ni mfano mgumu zaidi, kwa sababu sehemu laini kati ya mistari yake ni dhaifu karibu sawa na uchafu wenyewe, na ndiyo maana mbao nyingi zilizooshwa kwa presha huishia kuwa na manyoya. Matofali ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa nayo yana hatari hiyohiyo kwenye viungo. Pale ambapo kinachotoka na kinachobaki vina nguvu zinazokaribiana, ni heri kutumia maji ya moto, sabuni na muda kuliko kuongeza bar. Grisi, kwa mfano, husalimu amri mbele ya maji ya nyuzijoto 80 kwa shinikizo la kawaida, wakati maji baridi ya shinikizo kubwa huihamisha tu kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine.

#4. Msomaji mwenye mashaka

Wakuu, nimesoma kwa makini ila kuna jambo haliingii akilini. Kama kazi yote ni kutafuta udhaifu, chuma cha unene wa sentimita 10 kina udhaifu gani mbele ya maji? Nimeona picha za video za mashine zikikata chuma kama keki. Ama video hizo zina ujanja, ama kanuni yako ina kasoro. Pia shuleni tulifundishwa kwamba maji hayagandamiziki, sasa haya mashinikizo ya bar 4,000 yanahifadhiwaje?

#5. Mleta mada

Swali lako ni zuri, na jibu lake ni kwamba chuma hicho hakikatwi na maji. Kinakatwa na chembe za jiwe zinazobebwa na maji.

Maji matupu hukata vitu laini au vyenye vitundu: karatasi, sponji, mpira, nguo, keki, samaki waliogandishwa. Norman Franz, mhandisi wa misitu wa Marekani, ndiye aliyejaribu katika miaka ya 1950 kukata mbao kwa maji ya shinikizo kubwa, na inasemwa alianza kwa kuangusha vitu vizito juu ya safu ya maji ili yatoke kwa nguvu kwenye tundu dogo. Aliona kwamba mchupo mwembamba unakata, ila hakuwa na pampu ya kuudumisha. Hatua iliyofungua mlango wa vyuma ni ya Mohamed Hashish, mhandisi mzaliwa wa Misri aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ambaye mwaka 1979 alianza kuchanganya chembe ngumu ndani ya mchupo. Chembe zinazotumika zaidi hadi leo ni za ganeti, jiwe gumu jekundu linalosagwa kuwa kama mchanga.

Maji hutoka kwanza kwenye kitundu cha yakuti au almasi chenye kipenyo cha sehemu ya kumi hadi sehemu nne za kumi za milimita. Mchupo huo ukipita kwenye chumba kidogo huvuta hewa, hewa inavuta ganeti, na mchanganyiko huingia kwenye mrija wa kabidi ya tangsteni wenye kipenyo cha karibu milimita 1, ambamo chembe hupata mwendo wa maji. Kila chembe inang'oa kipande kidogo mno cha chuma, lakini zinafika kwa wingi usiohesabika kila sekunde. Kwa hiyo kanuni yangu haijavunjika, ila nakiri kwamba hapa hatutafuti tena udhaifu uliopo. Tunaununua kwa ganeti, nusu kilo kwa dakika au karibu na hapo. Ndiyo maana mchupo wenye ganeti hauchagui: utakata zege, nondo iliyo ndani yake na meza iliyo chini yake. Meza hiyo huwekwa juu ya tangi la maji lenye kina ili nguvu iliyobaki iishie humo.

Kuhusu kugandamizwa, shuleni tulifundishwa kwa kiwango cha shule. Kwa bar 4,000 maji hupungua ujazo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pampu nyingi za kukatia hutumia mafuta ya haidroli ya bar 200 kusukuma pistoni pana iliyounganishwa na plunja, yaani fimbo nyembamba inayosukuma maji, yenye eneo dogo mara 20, na kwa uwiano huo bar 200 za mafuta zinakuwa bar 4,000 za maji. Pistoni ikifika mwisho na kugeuza, shinikizo lingeyumba na kuacha alama kwenye kila kipande kinachokatwa, hivyo huwekwa chupa nene ya chuma iliyojaa maji, na kule kugandamizika kwa maji ndiko kunakofanya chupa hiyo iwe kama springi inayofidia sekunde hiyo ndogo. Maji yasingegandamizika, tungekuwa na kazi ya ziada.

Mfano mmoja wa nguvu ya njia hii ni nyambizi ya Urusi iitwayo Kursk, iliyozama Agosti 2000 katika Bahari ya Barents, kwenye kina cha takriban mita 108. Mwaka uliofuata ilipoinuliwa, wazamiaji walitoboa mwilini mwake matundu 26 ya kufungia kamba za kuinulia, wakitumia maji yenye chembe, kwa sababu ndani kulikuwa na silaha na hapakutakiwa moto. Pua yake ilikatwa kwa njia nyingine, kwa msumeno wa kamba. Ubaridi wa maji ndio pia sababu ya mabomu ya zamani kufunguliwa kwa njia hii.

#6. Mwendeshaji wa leza

Mleta mada, umetuandikia kama mtu aliyeoa maji. Naomba nilete upande wa pili. Kwa bati la chuma la milimita 2 au 3, leza, yaani mashine inayokata kwa mwanga mkali, itamaliza kipande na kuanza cha tano kabla mashine ya maji haijamaliza kona ya kwanza. Gharama ya ganeti haiishi, kwani ikishatumika inakuwa tope la kutupwa, na mirija ya kabidi hulika. Mikato ya maji pia huwa na mteremko, juu pana na chini finyu, na ukiharakisha, sehemu ya chini hutoka na mistari iliyopinda kwa kuwa mchupo hubaki nyuma.

#7. Mleta mada

Nakubali yote, mkuu, na ningekuwa na karakana ya bati jembamba pekee ningenunua leza. Maji huanza kupata haki yake pale joto linapokuwa adui: titani na aloi nyingine zinazobadilika tabia kandokando ya mkato wa moto, chuma kilichokwishatiwa ugumu, paneli za nyuzi za kaboni zinazoungua gundi yake, mawe, vigae, na tabaka za vitu tofauti vilivyobandikwa pamoja. Unene nao ni hoja, kwani leza huchoka mapema wakati maji huendelea hata sentimita 20 za chuma, ingawa kwa mwendo wa konokono. Mteremko uliousema hurekebishwa kwenye mashine zenye kichwa kinachoinama, ambacho huinama kiasi kidogo ili mteremko wote uangukie upande wa kipande cha kutupwa.

Niongeze mawili ambayo wauzaji hawayasemi kwa sauti. Kioo kilichotiwa ugumu kwa joto hakikatwi kwa maji wala kwa kitu kingine. Kimejaa mvutano ndani yake na kitasambaratika mara mchupo ukikigusa, hivyo hukatwa kwanza ndipo kitiwe ugumu. Na paneli za tabaka, pamoja na kioo cha kawaida, huharibika zaidi wakati wa kutoboa kuliko wakati wa kukata, kwa sababu maji yakifika kabla ya ganeti huingia katikati ya tabaka na kuzitenganisha, au hukipasua kioo. Hapo ndipo utaona udhaifu ukitafutwa mahali tusipotaka. Dawa yake ni kutoboa kwa shinikizo dogo na kuhakikisha ganeti inatangulia.

#8. Mhudumu wa chumba cha upasuaji

Wakuu, nimeingia hapa kwa bahati, lakini nimeona mada inanihusu kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni mzuri. Mchupo wa maji ya chumvi yaliyotakaswa hutumika katika upasuaji wa ini, kwa shinikizo la makumi machache tu ya bar. Nyama ya ini ni laini na hutawanyika, ilhali mishipa ya damu na mirija ya nyongo ni migumu zaidi na hubaki imesimama wazi, na daktari anaifunga mmojammoja kabla ya kuikata. Njia hiyo ilianza kuandikwa miaka ya mwanzo ya 1980. Nilipokuwa nikisoma habari za zege na nondo zake nilitabasamu, kwa maana ini na mishipa yake ni kisa kilekile.

Upande wa pili si mzuri. Tumepokea wagonjwa waliochomwa na mchupo kwenye kidole au kiganja, na karibu wote walichelewa, kwa sababu jeraha lilionekana dogo kama la mwiba. Ngozi hupenywa hata kwa bar 7. Tundu la nje ni dogo, lakini maji yameshasafiri ndani kando ya mishipa na kano, yamebeba uchafu, rangi au grisi, na shinikizo ndani ya mkono linazidi kupanda na kuzuia damu. Saa chache zinaweza kuamua kama kidole kitabaki. Tafadhali, aliyechomwa asisubiri kuona kama kutavimba. Aende hospitali mara moja, na amwambie daktari wazi kwamba ni jeraha la mchupo wa shinikizo kubwa, shinikizo lilikuwa kiasi gani, na maji yalikuwa na nini ndani yake. Yakiwa ya majitaka au ya kuzungushwa tena, hilo lisemwe pia, kwani vijidudu vyake si vya kawaida. Baadhi ya waendeshaji hubeba kadi yenye maelezo hayo mfukoni, na kadi hiyo imetusaidia zaidi ya mara moja.

#9. Mleta mada

Nakushukuru sana, dada au kaka, na nawaomba wanaopita waisome #8 mara mbili. Nami niliwahi kushuhudia mwenzangu akiziba tundu la mpira unaovuja kwa kiganja, kwa ile tabia tuliyonayo wote ya kushika kinachovuja. Alikuwa amevaa glovu ya ngozi. Glovu haikuzuia chochote, na bosi wetu wa wakati huo alimpa plasta na kumrudisha kazini. Alipoteza ncha za vidole viwili.

Kwa hiyo niandike kuhusu msukumo wa nyuma, kwa sababu ndio unaoangusha watu. Chukua lita kwa dakika, zidisha kwa kipeuo cha pili cha bar, zidisha tena kwa 0.235, jibu ni nyutoni zinazomsukuma aliyeshika bunduki. Mashine ya bar 150 na lita 15 inasukuma kwa takriban nyutoni 43, sawa na kubeba kilo 4 na kitu, jambo ambalo mtu mzima halioni. Bar 1,000 na lita 40 zinasukuma kwa karibu nyutoni 300, kama kilo 30. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba msukumo usizidi theluthi moja ya uzito wa mwendeshaji, hivyo mtu wa kilo 75 hapaswi kuishika hiyo. Zile bar 1,000 na lita 200 za kubomoa zege husukuma kwa uzito wa kilo 150, ndiyo maana hushikwa na roboti na mtu hukaa mbali. Bunduki za mkono lazima ziwe na kifyatulio kinachokata maji mara tu mkono ukilegea. Anayekifunga kwa waya ili kidole kipumzike ameondoa kitu pekee ambacho kingemwokoa akiteleza, kwani bunduki iliyoachwa inaruka kama nyoka.

Maji machafu nayo yana mambo yake. Yanayotoka kwenye zege ni makali kama magadi, kipimo cha pH kikikaribia 12, na yakiingia mtoni yanaua samaki. Hutulizwa kwenye tangi hadi tope lizame, kisha hupunguzwa ukali kabla ya kumwagwa. Rangi za zamani za chini ya meli zilikuwa na sumu za bati zilizokuja kupigwa marufuku kimataifa, marufuku iliyoanza kutumika mwaka 2008, na meli kuukuu huweza kuwa nazo bado chini ya tabaka mpya. Kama mtu anadhani tope la maji ni jambo dogo, akumbuke California. Kuanzia mwaka 1853 wachimba dhahabu wa huko walibomoa milima mizima kwa mizinga ya maji yaliyoletwa kutoka mabwawa ya juu, bila pampu yoyote, na kifusi kilijaza mito hadi mashamba ya chini yakafurika. Mwaka 1884 hakimu Lorenzo Sawyer alitoa uamuzi wa kuzuia kifusi hicho kutupwa mitoni, na uchimbaji wa namna hiyo ukafifia.

#10. Fundi wa mashine za kuoshea

Wakuu, narudi na matokeo. Baada ya kusoma habari za bar na lita humu nilichukua mashine ya mteja iliyoandikwa lita 15 kwa dakika, nikajaza ndoo ya lita 20 kwa saa ya mkononi. Ilipaswa kuchukua sekunde 80. Ilichukua 131, yaani lita 9 tu kwa dakika. Mteja alikuwa ameshapewa bei ya pampu mpya mahali pengine.

Nilifungua chujio la kuingizia na kukuta limejaa mchanga na kipande cha mfuko wa plastiki, nikalisafisha, nikabadilisha mpira wa kuingizia uliokuwa umebonyea kwa ndani, kisha nikaweka nozeli mpya. Ndoo ikajaa kwa sekunde 84. Geji ya bar sikuigusa hata mara moja, maana imekufa tangu mashine iletwe.

#11. Msomaji mwenye mashaka

Fundi, hizo sekunde 4 zilizobaki zimekwenda wapi?

#12. Fundi wa mashine za kuoshea

Vali za ndani zimechakaa kidogo, ndugu yangu. Nimemwambia mteja azibadilishe sili zitakapoanza kuvuja, kwa kuwa kufungua pampu mara moja kwa kazi mbili ni nafuu kuliko kuifungua mara mbili.